Pale Kwaya Inaposimama

Jumatatu ile mabango ya tamasha yalibandikwa chuo kizima, na jina la mume wangu lilikuwa juu yake kwa herufi nyekundu: kiongozi wa kwaya. Mume wangu alikuwa kaburini tangu mwaka juzi.

Mwalimu wa maigizo ndiye aliyeniletea habari. Rafiki yangu huyu hana sauti ya chini. Akikunong'oneza siri, kantini nzima inapata. Alinikuta chumba cha muziki nikiifuta piano vumbi, akasimama mlangoni akihema.

"Dada, leo usipite ubaoni."

"Kuna nini ubaoni?"

"Nimesema usipite."

Nikaenda, bila shaka. Mtu akikuambia usipite, miguu inatangulia yenyewe.

Chuo chetu ni kidogo. Kina jengo moja la ghorofa, ukumbi mmoja wenye viti vinavyolia ukivikalia, na ubao mmoja wa matangazo kando ya kantini. Mwisho wa kila mwaka tunakuwa na Wiki ya Sanaa. Alhamisi wachoraji wanafungua maonyesho yao kwenye korido ya maktaba, Ijumaa ni mchezo wa kuigiza, na Jumamosi alasiri kwaya inafunga kazi. Mwanafunzi aliyepewa mabango alichukua lile la mwaka juzi, akabadilisha tarehe, akabadilisha jina la mchezo, akaweka mchoro mpya, akaridhika. Kwenye kwaya hakuona cha kubadilisha. Kwake yeye kwaya na mume wangu vilikuwa kitu kimoja.

Mbele ya ubao nilimkuta Mgeni. Ndiye aliyechukua nafasi ya marehemu kuongoza kwaya, nami ndimi ninayempigia piano. Ana mwaka mzima hapa na bado wanafunzi wanamwita Mwalimu Mgeni, sisi wenzake tunamwita Mgeni, naye anaitika bila kununa.

"Nitamwambia ayabandue," nilisema. "Yote, sasa hivi."

"Yaache."

"Jina lako halipo."

"Nimeona." Alitabasamu upande mmoja wa mdomo. "Bango halijakosea sana. Kwaya yenyewe inamfuata yeye. Mimi napunga mikono tu pale mbele kama mtu anayefukuza nzi."

Nilicheka. Kisha nikaona aibu kucheka pale, chini ya jina lile, nikageuka kuondoka. Nilijua ananitazama ninavyoondoka. Mwanamke anajua, hata akijifanya anatafuta funguo kwenye mkoba.

Mazoezi ya jioni ile yalianza vizuri. Watu wa maigizo walikuwa wametandaza kitambaa chao sakafuni, wakichora madirisha ya nyumba za uongo, na harufu ya rangi ilijaa ukumbi. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake cha nyuma. Tangu mwanawe afe hajakosa mazoezi. Anakuja na chupa yake ya chai, anaweka mikono mapajani, anafumba macho. Tunaishi pamoja, mimi naye, katika nyumba ile ile alikonileta mwanawe. Wazazi wangu walishatangulia, na zaidi yake sina mtu wa kumwita mama.

Tukafika wimbo wa mwisho. Aliutunga marehemu, na ndio unaofunga tamasha kila mwaka. Maneno yake ni mepesi: *Nikiitwa, nitaitika. Hata kama ni mbali, nitaitika.* Kwenye karatasi maneno hayo yanafuatana bila nafasi. Kwaya ilifika "nikiitwa" ikanyamaza yote kwa pamoja. Mkono wa Mgeni uliendelea peke yake hewani, kisha ukashuka.

"Nani amewaambia msimame hapo?"

Msichana mmoja wa sauti ya kwanza alijibu, "Hapo huwa tunasimama, Mwalimu."

"Karatasi haisemi."

"Haisemi. Lakini wimbo ndivyo unavyokwenda."

"Mwaka wa kwanza, nyoosheni mikono." Karibu nusu ya kwaya ilinyoosha. "Ninyi hamkumkuta mwalimu aliyetunga huu wimbo. Hamjamwona hata siku moja. Nani kawafundisha kusimama?"

Walitazamana. Kijana mmoja wa besi, mnene wa shingo na mpole wa tabia, alijikuna kichwa.

"Hakuna aliyetufundisha, Mwalimu. Tukifika hapo ni kama kuna mtu anatuzuia."

Hata waliokuwa wanachora madirisha waliacha brashi. Mgeni hakukasirika. Alikunja karatasi zake, akawaruhusu waende, akaniambia nibaki kidogo. Mama mkwe alikuwa bado amefumba macho kule nyuma, tulidhani amesinzia.

Alikuja akaegemea piano. Mikono ya shati lake ilikuwa imekunjwa hadi kwenye viwiko, na nilijikuta naitazama mikono ile kuliko inavyostahili kwa mjane mwenye heshima zake.

"Ni wewe," alisema.

"Mimi nini?"

"Unayewasimamisha. Ukifika 'nikiitwa' unainua mikono. Wanasikia piano imenyamaza, nao wananyamaza. Halafu unatazama."

"Namtazama kiongozi. Ulitaka nimtazame nani, mpishi wa kantini?"

"Hunitazami mimi. Unatazama juu ya kichwa changu, shibiri moja hivi. Alikuwa mrefu, sivyo?"

Mwaka mzima nimempigia mtu huyu piano, nimekunywa naye chai, nimecheka utani wake na kununua gauni moja ambalo sikulihitaji kwa sababu alisifu rangi yake. Na mwaka mzima, wimbo ukifika pale, nilikuwa naangalia uso wa mtu ambaye hayupo.

"Alikuwa mrefu," nilisema.

"Niambie kuhusu pale. Kama unaweza."

Nikamwambia. Marehemu alikuwa akifika pale anashusha mkono, anageuka kwenye piano, ananitazama. Anatabasamu. Kwaya nzima inasubiri, ukumbi unasubiri, yeye ananitazama mimi tu. Kisha anainua mkono na kuendelea. Mwaka wetu wa kwanza, kabla hajanitamkia neno lolote, alinitazama hivyo mbele ya watu, nami nikajua nimeshaposwa. Aliyonena baadaye kwa mdomo yalikuwa ya kukamilisha tu.

Mgeni alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipomaliza aligusa kibonye kimoja cha piano bila kukibonyeza.

"Nimepata kazi chuo kingine," alisema hatimaye. "Naondoka muhula ukiisha. Nakupenda, na nataka twende wote. Nitakuja kwa Mama kwa njia inayofaa, nitakaa chini nimwombe. Lakini wewe ndiye nataka nikuulize kwanza, na nataka jibu baada ya tamasha."

"Na wimbo?"

"Ningependa Jumamosi uende kama ulivyoandikwa. Si kwa ajili ya kwaya. Mtu aliye hai ningeshindana naye, anishinde au nimshinde. Huyu siwezi hata kumsalimia."

"Hapo pasiguswe."

Tulishtuka wote wawili. Mama mkwe alikuwa amesimama katikati ya viti, chupa ya chai mkononi.

"Shikamoo, Mama," alisema Mgeni.

Hakuitikia. "Kwaya umechukua, sina neno. Na huyu nimesikia unamtaka. Ana miguu yake, simfungi kamba. Lakini pale wanaponyamaza pasiguswe. Ile ni pumzi ya mwanangu."

"Mama, ni wimbo tu," nilisema.

"Si wimbo. Nakuambia ni pumzi." Alikaa kwenye kiti cha karibu, nacho kikalia. "Moyo wake ulikuwa mbovu tangu utoto. Alianguka uwanja wa shule, akiwa mdogo hivi. Daktari akasema asikimbie, asibebe vizito. Wenzake wakawa wanamcheka. Nikamfundisha mwenyewe. Nikamwambia, baba, moyo ukikukimbia, simama. Usishike kifua. Tabasamu, mtazame mtu yeyote aliye karibu, watu watadhani umekusudia. Wimbo ule mwishoni ulikuwa unamzidi nguvu. Akawa anasimama pale apate hewa."

Wote walisema mume wangu aliondoka ghafla. Ndivyo nilivyoambiwa, ndivyo nami nilivyowaambia waliokuja kunipa pole. Nilishika ukingo wa piano.

"Alikuwa ananitazama mimi."

"Piano ilikuwa karibu, mwanangu."

Hakulisema kwa ukatili. Angekuwa mkatili ningejua la kumjibu.

"Mbona hamkuniambia?"

"Wazazi wako wangekuoza kwa mgonjwa?"

"Mimi ningekubali!"

"Leo unasema hivyo," alisema Mama, na machozi yakamtoka bila sauti. "Nilitaka mwanangu apate mke. Nilitaka aishi kama watu."

Nilimgeukia Mgeni. Alikuwa anaangalia viatu vyake, na hapo nikaelewa.

"Ulijua?"

"Sikujua. Nilihisi."

"Ulihisi tangu lini?"

"Tangu nilipoyasikia yale mazoezi yenu ya zamani mliyorekodi. Pale kimya kilipo anasikika anavuta hewa. Nimeongoza kwaya miaka mingi. Mtu anayesimama kwa ajili ya uzuri havuti hewa namna ile."

"Ukanyamaza. Mwaka mzima unaniangalia natazama hewa, ukanyamaza!"

"Ungenisamehe kama ningekuambia? Ilikuwa mali yako. Sikuja hapa kukunyang'anya."

Nilichukua mkoba wangu nikawaacha wote wawili ukumbini, kila mmoja na ukweli wake.

Wiki ile sikuishi na mtu mwingine isipokuwa marehemu. Alinifuata jikoni, alinifuata darasani. Nilikumbuka alivyopenda kusimama katikati ya ngazi anionyeshe ndege dirishani. Nilikumbuka alivyonishika mkono sokoni akasema tusimame kidogo tuangalie watu wanavyopita. Nilidhani nimeolewa na mtu asiye na haraka, na nilijivunia. Wenzangu waume zao walikuwa wanawaburura, wangu alikuwa anasimama anitazame. Sasa kila kumbukumbu niliyoigusa ilikuwa na kijasho juu ya mdomo wake, kijasho cha mtu anayetafuta hewa. Nilimlilia upya, na safari hii nilimlilia kwa hasira, maana nilitaka kumuuliza swali moja tu naye hakuwepo wa kuulizwa. Nilitaka kujua kama katika mara zote zile kulikuwa na hata moja iliyokuwa yangu.

Alhamisi nilikwenda kwenye maonyesho kwa sababu mwalimu wa maigizo alinivuta. Picha ya tatu ukutani ilikuwa ya kwaya yetu. Sura za wanafunzi zote zilikuwa zimechorwa kwa uangalifu, na mbele yao kiongozi alionekana mgongo tu, mrefu, mkono umeshuka.

"Huyu ni nani?" nilimuuliza binti aliyeichora.

"Mwalimu wa kwaya."

"Yupi?"

Alinitazama kwa mshangao. Alikuwa wa mwaka wa kwanza. "Kwani wako wangapi, Madam?"

Nikatoka nje kutafuta hewa.

Ijumaa nilikaa kwenye mchezo wa kuigiza bila kuusikia. Watu walicheka, nikacheka nikiwa nimechelewa. Ulipokwisha, Mgeni alinikuta mlangoni. Alikuwa amepungua. Na mimi, pamoja na hasira zangu zote, nilitamani kuinyoosha kola yake.

"Kesho sitaongoza pale," alisema. "Nitakufuata wewe. Ukisimama, nasimama. Ukienda, naenda."

"Unanitupia mimi mzigo."

"Ulikuwa wako tangu mwanzo. Mimi niliushika tu mahali pasiponihusu." Alitaka kusema zaidi, akameza. "Uniwie radhi kwa kunyamaza."

Nilimpita. Bega langu liligusa mkono wake, na joto lile nilifika nalo nyumbani.

Jumamosi asubuhi Mama alikuwa anapiga pasi gauni lake la kwenda ukumbini. Siku zote zile tulikuwa tumesalimiana tu, kila mmoja akinywa chai chumbani kwake. Nilisimama mlangoni.

"Naweza kukupigia pasi, Mama."

"Namaliza." Aligeuza mkono wa gauni polepole. "Ukitaka kuolewa, olewa. Mimi si wa kukuzuia, nilikudanganya vya kutosha. Lakini makaburini nikienda sisikii kitu. Chumbani kwake sisikii kitu. Pale tu ndipo namsikia. Usinizimie, mwanangu."

Nilitaka kumwambia neno baya. Nilikuwa nalo tayari. Nikaenda kuvaa.

Ukumbi ulijaa hadi wengine wakasimama kwenye korido. Kitambaa cha madirisha ya uongo kilikuwa bado nyuma ya jukwaa. Mama alikaa mstari wa mbele, kwenye kiti alichowekewa na wanafunzi. Nilianza kupiga nikiwa nimeshaamua: ningepita. Ningepita pale bila kuinua hata kidole, kwaya ivutwe ikitaka au isitake, na kimya kile kizikwe na mwenyewe. Nilikuwa nimedanganywa mbele ya watu, na mbele ya watu ndipo ningemalizia.

Wimbo ukapanda. Mgeni alikuwa ananitazama, mkono juu, akisubiri. Nilitupa jicho pembeni, sijui kwa nini, nikamwona Mama. Alikuwa amevuta pumzi akaizuia. Mkono wake ulikuwa kifuani, midomo imekaza, kama mama anayemwona mtoto wake akianza kutembea na anaogopa kumshika.

*Nikiitwa*, waliimba.

Nikainua mikono.

Kimya kiliingia ukumbini. Mgeni alishusha mkono. Hakuna aliyekohoa. Sikutazama juu ya kichwa cha mtu. Nilimtazama yule mama, na kimya kikaendelea, kikapita mahali kilipozoea kuishia, kwa maana mimi sikuwa na nguvu ya kukikata na Mgeni alikuwa ameapa kunifuata. Wanafunzi walibaki midomo wazi. Nami naapa, kila mtu aliyekuwa ndani ya ukumbi ule atakuambia, kulikuwa na mtu anapumua jukwaani.

Kisha Mama alizungumza. Alizungumza kwa sauti ya kawaida, ile anayotumia mtu akiongea na mwanawe chumba cha pili.

"Basi, baba. Inatosha. Pumzika."

Mikono yangu ilishuka yenyewe. Kwaya ikaitika, wote kwa pamoja, bila kuongozwa na mtu. Nilipiga hadi mwisho nikiwa sioni vibonye.

Watu walipiga makofi muda mrefu, wengine wakidhani lile ni sehemu ya tamasha. Mwalimu wa maigizo alikuwa analia kwa sauti yake ile isiyo na chini. Nilishuka jukwaani nikamwendea Mama, nikapiga magoti mbele ya kiti chake. Aliushika uso wangu kwa mikono miwili. Alionekana amechoka sana, na mzee kuliko asubuhi.

"Nenda," aliniambia. "Mwenzako amesimama peke yake."

Mgeni alikuwa kando ya piano akikusanya karatasi ambazo zilikuwa zimeshakusanywa. Nilipofika aliziweka chini. Hakuuliza. Macho yake ndiyo yaliyouliza, na yalikuwa yanaogopa.

"Una ugonjwa wowote?" nilisema.

Alicheka, kisha akaona sitanii. "Sina."

"Wa kifua? Wa moyo? Unaoficha?"

"Sina kitu. Mgongo tu, nikibeba spika."

"Mbona unatetemeka?"

Basi nikafanya jambo ambalo lilisemwa chuoni hadi muhula ulipoisha. Mbele ya wanafunzi, mbele ya mkuu wa chuo, mbele ya mama mkwe wangu, niliweka sikio langu kifuani mwake nikasikiliza. Moyo wake ulikuwa unagonga kwa kasi, unagonga kama mtu mlangoni.

"Unakwenda mbio," nilisema.

"Ni kwa ajili yako," alisema juu ya nywele zangu.

Maneno hayo hayo niliwahi kuambiwa, nikiwa nimelala kwenye kifua kingine, nikayaamini, nikacheka kwa furaha.

Nilifumba macho, nikaendelea kusikiliza.